Njia ya Mgonjwa: Kutoka Shehiani hadi Mnazi Mmoja

Katika ahadi zote zilizotolewa na Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, hapana iliyoingia katika nyumba ya mnyonge kwa haraka kama ahadi ya matibabu bila ya malipo. Ardhi ilihitaji kupimwa na kugawiwa. Skuli zilihitaji walimu na madawati. Lakini mama aliyempakata mtoto mwenye homa aliiona ahadi ile siku ile ile alipofika kwenye dirisha la dawa na asiulizwe pesa. Tangu hapo, kwa zaidi ya miaka sitini, matibabu yamekuwa ndiyo mizani ambayo mwananchi wa visiwa hivi huitumia kuipimia Serikali yake. Kwa sababu hiyo, kila yanapotajwa mageuzi katika huduma za afya, mwananchi husikiliza mambo mawili kwa pamoja: kitakachoongezwa, na kitakachoondoshwa.

Safu hii inakusudia kulizungumza suala hilo waziwazi, kwa faida ya pande mbili: wananchi wanaotibiwa, na watendaji waliopewa dhamana ya kuwatibu. Suala la siha si la madaktari peke yao. Mkutano wa Alma-Ata wa Septemba 1978, ulioitishwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF, ulitamka kwamba afya ya msingi ndiyo mlango wa mfumo mzima, na kwamba watu wana haki na wajibu wa kushiriki katika kuipanga na kuitekeleza. Maneno hayo yangali na uzito wake hata baada ya kupita mwaka 2000, ambao ndio uliowekwa kuwa mwaka wa afya kwa wote.

Kwanza tutoe haki panapostahiki. Hospitali ya Mnazi Mmoja, iliyojengwa katika miaka ya 1950 kwa jina la Karimjee Jivanjee na ikaitwa V.I. Lenin baada ya Mapinduzi, haikubaki peke yake. Mkoani, Pemba, ilijengwa hospitali kwa msaada wa China mwanzoni mwa miaka ya 1970, ambayo leo ni Hospitali ya Abdalla Mzee, na mwaka 2016 ilifunguliwa upya baada ya kujengwa tena. Madaktari kutoka China wamekuwa wakija kwa zamu tangu mwaka 1964. Vituo vya afya vimeenezwa mashamba kwa shabaha ya kwamba mwananchi asiende zaidi ya kilomita tano kutafuta huduma ya mwanzo, na walio wengi sasa wamo ndani ya masafa hayo. Baada ya janga la UVIKO-19, kwa kutumia fedha za mkopo nafuu wa Shirika la Fedha la Kimataifa, Serikali ilijenga hospitali kumi za wilaya, zikiwemo za Kitogani na Pangatupu kwa upande wa Unguja, na Vitongoji na Kinyasini kwa upande wa Pemba, pamoja na hospitali ya mkoa ya Lumumba mjini.

Hayo yalikuwa ya lazima. Sensa ya mwaka 1978 ilihesabu Zanzibar nzima watu 476,111. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773, nao ni karibu mara nne ya wale wa mwanzo. Kati yao, 543,441 wanaishi Pemba. Hapana mfumo uliowekwa kwa ajili ya watu laki tano unaoweza kuwahudumia watu karibu milioni mbili kwa kupakwa rangi mpya tu.

Hata hivyo, aliyejenga bandari hajaleta meli. Kuta zikishasimama huja swali gumu zaidi, nalo ni hili: mgonjwa apite njia gani, tangu anapoanza kuumwa katika shehia yake hadi anapopona au anapofika kwa daktari bingwa? Kwa maoni ya safu hii, mageuzi ya kweli ya huduma za afya katika mikoa yetu mitano ni kuitengeneza njia hiyo.

Kwenye karatasi njia ipo, nayo imepangwa vizuri. Ngazi ya chini ni kituo cha afya cha msingi. Juu yake ni kituo cha daraja la pili, chenye huduma zaidi kama vile kuzalisha na maabara. Kisha hospitali ya wilaya, kisha ya mkoa, na kileleni Mnazi Mmoja, ambayo ni hospitali ya rufaa. Mwenye mafua aanzie chini. Anayehitaji kupasuliwa apandishwe kwa barua ya rufaa, na akirudi nyumbani arudi na barua ya kumweleza mhudumu wa kijijini nini kimefanyika na nini kifuatwe.

Katika utekelezaji, ngazi hiyo hurukwa. Utamkuta mtu kaondoka shamba alfajiri, kapita mbele ya kituo cha shehia yake, kapita na hospitali ya wilaya, akaja kukaa kwenye foleni mjini kwa maradhi ambayo muuguzi wa kijijini angeyamaliza kwa robo saa. Matokeo yake ni hasara ya pande zote. Daktari bingwa hutumia asubuhi yake kutibu kikohozi, mgonjwa mahututi hungoja nyuma ya wenye maradhi madogo, na kituo cha kijijini huonekana hakina kazi, na kwa kuonekana hakina kazi hupelekewa kidogo.

Wapo watendaji wanaosema kwamba wananchi hawana nidhamu ya rufaa. Safu hii haikubaliani nao. Mwandishi alipokuwa katika ziara ya kazi kisiwani Pemba alipata kukaa asubuhi nzima katika baraza ya kituo kimoja, ambacho hakuna faida ya kukitaja jina. Alikuwepo muuguzi mmoja tu. Ndiye aliyepima watoto uzito, ndiye aliyefunga vidonda, ndiye aliyepima damu za malaria, ndiye aliyegawa dawa, na ndiye aliyejaza madaftari yote. Ilipofika saa nne watu walianza kuondoka mmoja mmoja kwenda kusubiri gari barabarani. Mzee mmoja alipoulizwa sababu, alijibu kwa utulivu kwamba pale ataandikiwa dawa akanunue, na hospitali vilevile ataandikiwa akanunue, kwa hiyo ni afadhali aandikiwe na daktari. Huyo hakukosa nidhamu; alipiga hesabu, na kwa siku ile hesabu yake ilikuwa sahihi.

Basi tukitaka wananchi waifuate ngazi, yatupasa kuifanya kila daraja yake istahiki kukanyagwa. Yako mambo matano ambayo, kwa rai ya safu hii, ndiyo yatakayoamua.

La kwanza ni dawa. Bohari Kuu ya Dawa inaweza kuwa na shehena, na kituo cha shambani kikawa na rafu tupu, kwa sababu kati ya mahali hapo pawili kuna maagizo yaliyochelewa kuandikwa, gari lisilo na mafuta, na daftari ambalo halikufungwa mwisho wa mwezi. Dawa ni amana, na amana huhifadhika inapokuwa mbele ya macho ya watu. Kila kituo kiweke ubao barazani unaoonyesha ni dawa zipi zilizopokewa mwezi huu, kwa kiasi gani, na zipi zimekwisha. Kamati ya afya ya shehia ihudhurie upokeaji wa makasha na itie saini. Jambo hili halihitaji mkopo wala mtaalamu kutoka nje. Linahitaji ubao, chaki na insafu.

La pili ni watumishi. Kizazi kilichopita kilitegemea mno madaktari wageni. Leo tunao vijana wetu waliosoma katika chuo cha afya cha Mbweni, ambacho sasa kimo ndani ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na tunao madaktari waliotokana na mafunzo yaliyoanzishwa hapa hapa Zanzibar mwaka 2007 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Matanzas cha Cuba. Lakini kijana aliyehitimu akipelekwa Micheweni au Makunduchi bila ya nyumba ya kukaa, bila ya mwenziwe wa kupokezana naye zamu ya usiku, na bila ya kujua atarudi lini masomoni, hatachukua muda kabla ya kutafuta kila njia ya kuhamia mjini. Kumlaumu ni kazi rahisi. Kazi ya maana ni kumwekea muda maalumu wa kutumikia shamba, kumpa nyumba karibu na hospitali, na kuufanya utumishi huo kuwa sifa ya kwanza anapoomba kwenda kusomea ubingwa. Kadhalika mabingwa wa Mnazi Mmoja wawe na ratiba inayojulikana ya kwenda Pemba, itangazwe mapema hadi misikitini na masokoni, ili mgonjwa wa Wete asilazimike kuvuka bahari kumfuata daktari ambaye angeweza kumfuata yeye.

La tatu ni bahari yenyewe. Wengi wanaopanga mambo ya afya wamezoea kupima masafa kwa kilomita. Mkaazi wa Tumbatu, wa Fundo au wa Kisiwa Panza hupima kwa maji kujaa na kupwa, na kwa upepo. Mama anayeshikwa na uchungu usiku wa kusi kali yuko karibu sana na hospitali kwenye ramani, na yuko mbali sana nayo kwa kweli. Mpango wa m-mama, unaotumia simu na madereva wa kijijini kuwasafirisha wajawazito na wachanga walio katika hatari, umeonyesha kwamba jamii yenyewe inaweza kuwa sehemu ya huduma ya dharura. Msingi huo upelekwe hadi majini kwa ukamilifu. Kila kisiwa kidogo kiwe na manahodha walioandikishwa, wenye mashine iliyo nzima na makoti ya kuokolea, nao walipwe kwa wakati. Nahodha akicheleweshewa malipo yake mara mbili, mara ya tatu simu yake haitopatikana, na hapo atakayeadhibiwa hatakuwa mhasibu aliyeiweka hati mezani, atakuwa mzazi na mtoto wake.

La nne ni gharama, nalo ndilo linalozungumzwa kwa sauti ya chini mabarazani. Mwaka 2023 ulianzishwa kwa sheria Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ukaanza na watumishi wa umma. Wako wanaouliza kama huo ndio mwisho wa ahadi ya 1964. Swali hilo ni la haki, na lijibiwe kwa heshima.

Ukweli ni kwamba matibabu hayajapata kuwa bila ya gharama; yamekuwa bila ya malipo dirishani, kwa sababu gharama ililipwa na Serikali kutokana na karafuu, kodi na misaada. Bei ya dawa na vipimo inapanda, na maradhi yenyewe yamebadilika. Zamani mtu aliugua homa, akatibiwa, akapona. Leo wengi wanaishi na shindikizo la damu na maradhi ya sukari, ambayo hutaka dawa kila siku, mwezi baada ya mwezi, hadi mwisho wa umri. Kuchangiana si jambo geni kwetu. Tunachangiana katika harusi na katika misiba, tunacheza mchezo wa kupeana fedha kwa zamu, na wavuvi hugawana hasara ya nyavu iliyopotea. Mfuko wa afya ni mila hiyo hiyo iliyoandikwa katika sheria: mzima wa leo humlipia mgonjwa wa leo, naye atalipiwa kesho.

Lakini kuchangiana kwa haki kuna masharti yake. Mtumishi wa umma hukatwa katika mshahara. Mvuvi, mkulima wa mwani wa Paje na mama muuza urojo hawana mshahara wa kukatwa, nao ndio wengi. Michango yao iwekwe kwa kadiri ya uwezo na kwa misimu ya vipato vyao, na asiye na uwezo alipiwe na Serikali, bila ya kuzungushwa kutoka ofisi hadi ofisi kuthibitisha umasikini ambao sheha na majirani wanaujua. Tena pasiwepo madirisha mawili katika hospitali ya umma, moja la wenye kadi linalokwenda mbio na moja la wasio nayo linalosimama. Hilo likitokea, wananchi watasema ahadi imevunjwa, na hapatakuwa na hotuba ya kuwajibu. Halikadhalika, pale ambapo kazi fulani ndani ya hospitali za umma, kama maabara au upigaji wa picha, zimekabidhiwa kwa makampuni, mikataba isimamiwe kwa kipimo kimoja: mgonjwa masikini anapata huduma ile ile na kwa muda ule ule?

La tano, na kubwa kuliko yote, ni kinga. Hapa visiwa vyetu vina somo ambalo si nchi nyingi zimelipata, na tumelilipia ada mara mbili. Kati ya mwaka 1958 na 1968 ulifanywa mradi wa kutokomeza malaria kwa kupiga dawa majumbani. Maradhi yalishuka sana, mradi ukasimamishwa, na malaria ikarudi. Mwaka 1984 ulianza mradi wa pili kwa msaada wa Marekani. Ulipokwisha mwaka 1989, malaria ilirudi tena. Kuanzia mwaka 2003 tukaanza mara ya tatu, kwa dawa mseto, kisha vyandarua vilivyotiwa dawa, kisha upigaji dawa majumbani, na baadaye ufuatiliaji wa kila mgonjwa hadi nyumbani kwake. Mwanzoni mwa miaka ile, kiasi cha watu 40 katika kila 100 walikuwa na vimelea vya malaria. Baada ya muda idadi hiyo ilishuka chini ya mtu 1 katika kila 100. Vijana wengi wa leo hawajui wodi ya watoto ilikuwaje wakati wa masika.

Ushindi huo ni wa kujivunia, na ni dhaifu kama utando. Mvua nyingi za mwisho wa mwaka 2023 zilifuatiwa na ongezeko la wagonjwa wa malaria, likiwa ni onyo kwamba mbu hajahama. Tena tarehe 1 Julai 2025 Shirika la Misaada la Marekani, USAID, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa miongoni mwa wafadhili wakubwa wa vita hivi, lilifikia mwisho wake. Mtu mwenye akili haulizi kwa nini jirani ameacha kumkopesha jembe. Huuliza atalima kwa nini msimu ujao. Safu hii inapendekeza kwamba katika kila bajeti ya Wizara ya Afya kiwepo kifungu cha fedha zetu wenyewe kwa ajili ya kinga, kisichoweza kuhamishiwa kwenye shughuli nyingine, na Baraza la Wawakilishi lipewe hesabu yake kila mwaka. Jengo likichelewa mwaka mmoja, litajengwa mwaka wa pili. Kinga ikisimama mwaka mmoja, watoto watakaozikwa hawatorudi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi ukuta huu tumekwisha kuujenga mara tatu.

Katika kazi hiyo ya kinga tuna hazina mbili zinazostahiki kutunzwa. Ya mwanzo ni wahudumu wa afya wa kujitolea wa jamii, zaidi ya 2,000, ambao kwa mpango wa Jamii ni Afya huenda nyumba kwa nyumba na simu zao, wakiwaangalia wajawazito na watoto. Hao ndio ngazi ya kwanza kabisa, iliyo chini hata ya kituo. Mtu anayejitolea naye hula na huvaa. Posho yake ikichelewa, nyumba zinazotembelewa hupungua. Ya pili ni Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iliyopo Wawi, Pemba, iliyofunguliwa mwaka 2000. Uchunguzi uliofanywa Pemba na kuchapishwa mwaka 2006, kuhusu kuwapa watoto wadogo vidonge vya madini ya chuma katika mahali penye malaria nyingi, uliifanya dunia nzima itahadhari katika kutumia vidonge hivyo. Kisiwa kilichoweza kuufundisha ulimwengu hakikosi uwezo wa kuifundisha wizara yake mwenyewe. Takwimu za Wawi na za wahudumu wa shehia ziwe ndizo zinazoamua wapi papelekwe muuguzi wa pili, badala ya kuamuliwa na sauti ya mwenye cheo aliyezaliwa hapo.

Kwa wananchi nako kuna wajibu. Mlango ufunguliwe kwa mpiga dawa. Chandarua kilalie mtoto na kisigeuzwe uzio wa bustani. Mjamzito aanze kliniki mapema, na mume asimngojee mama mkwe atoe ruhusa ya kwenda hospitali wakati damu inatoka. Na anayeketi katika kamati ya afya ya shehia ajue kwamba kazi yake ni kuuliza, wala asiridhike kuitwa siku ya wageni tu.

Kwa ndugu watendaji, shauri la safu hii ni jepesi kulisema na zito kulitenda. Kabla ya kuandika ripoti ya robo mwaka, kila ofisa wa wilaya achague kituo kimoja cha mbali, aende bila ya kutangaza, akae barazani tangu asubuhi hadi adhuhuri, na ahesabu ni wagonjwa wangapi wameingia na wangapi wametoka na dawa mkononi. Hesabu hiyo ndogo aiweke katika ukurasa wa kwanza wa ripoti yake, juu ya idadi ya majengo. Na Waheshimiwa Wawakilishi, inapofika wakati wa bajeti, waulizie hesabu hiyo hiyo, kituo kwa kituo, Unguja na Pemba, hadi kwenye visiwa vidogo ambavyo jina lake halisomwi mara nyingi ndani ya ukumbi.